Toa matunda kwenye friji kwanza, mambo ya udongo baadaye

Wewe uliyeuliza kuhusu tulipu, simama hapo hapo. Nimesoma hadi pale ulipoandika kwamba balbu zako za maua (vile vitunguu vya kupandwa), 20 za tulipu, 6 za hayasinti na zile chache za narsisi, zina wiki nzima kwenye droo ya chini ya friji "pamoja na maembe na avokado", nikaona nijibu kabla hujaharibikiwa zaidi. Mengine nimeyaona: uko kwenye fleti Ruaka, pembeni ya Nairobi, mzigo umetoka Uholanzi, aliyekuuzia kasema droo ya matunda ndiyo mahali pake na wiki 4 za baridi zinatosha ili uone maua Krismasi, na sasa unataka kujua udongo gani, chungu gani, dirisha gani, mbolea gani, na kama zitachanua tena mwaka ujao.

Inuka ukafungue friji. Balbu ziache humo humo. Matunda ndiyo yatoke, yote, na nyanya ziyafuate. Acha mlango wazi dakika chache hewa ibadilike, pangusa droo, ndipo uendelee kusoma.

Embe linapoiva hutoa gesi inayoitwa ethilini. Huioni, na kwa kiasi kinachotoka kwenye tunda huwezi hata kuinusa, lakini kazi yake unaijua. Ukinunua avokado gumu kwa mama mboga na unalitaka kesho kutwa, unalifunga kwenye gazeti pamoja na ndizi mbivu, au unalifukia kwenye unga. Gazeti halina dawa yoyote. Linaizuia tu ethilini isitoroke, na gesi ikishajikusanya hapo ndiyo inayoliivisha tunda. Friji iliyofungwa ni gazeti hilo hilo, tofauti ni kwamba safari hii umelaza ndani yake kitu ambacho hakitakiwi kuivishwa.

Balbu ya tulipu inayokufikia Nairobi tayari ina ua ndani. Ua lenyewe, dogo mno lakini kamili: petali 6, stameni 6 (vile vijiti vya chavua), na ovari katikati. Lilijiunda huko huko Uholanzi, balbu ilipokuwa imehifadhiwa mahali pa joto baada ya kuvunwa Juni na Julai. Kwa hiyo wewe huna kazi ya kuzalisha ua. Una kazi ya kulifikisha salama, basi. Ethilini hulivamia ua hilo, hasa stameni, mpaka lote linasinyaa. Majani hayaguswi, na hapo ndipo uchungu ulipo. Utalaza balbu miezi minne, utapanda, majani yatatoka mapana, ya kijani kibichi, yenye afya, utapiga picha uitume kwenye grupu ya familia, shangazi atasema "hongera". Wiki mbili baadaye utachungulia katikati ya majani ukute kitu kikavu cheupe mfano wa karatasi ya sigara, kidogo kuliko punje ya hindi. Hilo ndilo ua lako. Lilikufa mwezi wa kumi na moja, ukalihudumia hadi mwezi wa nne. Usiniulize najuaje.

Na hakuna dawa. Maji hayalifufui, jua hata uhamishe chungu dirisha gani haliliponyi, mbolea ndiyo kabisa. Makosa mengine yote ya balbu yana namna ya kuokolewa, hata nusu nusu. Hili halina, na halikuonyeshi dalili mpaka umeshamaliza gharama zote. Ndiyo maana nitalirudia mpaka unichoke.

Kwa kuwa zako zimekaa na matunda wiki moja tu, huenda zimepona. Usikisie, kata moja. Chagua tulipu iliyo ndogo kuliko zote, isimamishe juu ya ubao, uipasue kwa kisu chenye makali kutoka ncha hadi kitako, ukipita katikati kabisa. Utaona tabaka nene nyeupe zimebanana, na katikati, zikikalia kile kitako kigumu, kuna kichipukizi cha manjano iliyofifia chenye urefu wa sentimita moja au mbili. Kifungue taratibu kwa ncha ya pini. Ukikuta majani machanga yamelifumbata ua, na zile stameni ni nono, zimesimama, zina unyevunyevu, zilizobaki ziko salama. Ukikuta stameni zimenywea, zimekuwa kahawia au zinapenyeza mwanga kama zimechemshwa, kata ya pili uhakikishe. Ya pili ikiwa vile vile, usipoteze miezi minne kwa tulipu hizo. Balbu moja au mbili ni kafara ndogo kuliko kungoja mpaka Aprili ndipo ujue.

Sasa, matunda gani? Najua utaniuliza, kwa sababu kila mtu huwa anatafuta tunda lake la kusamehewa. Wabaya zaidi ni avokado, pasheni, ndizi mbivu, maembe, mapapai, tufaha, peasi na nyanya. Chungwa zima hutoa kidogo sana, ila likianza kuota ukungu linajiunga na kundi, na chungwa la nyuma ya friji huwa halitangazi siku litakapooza. Toa nalo. Sukuma wiki, karoti, kabichi, dania, hizo hazina neno. Maziwa, mayai, chapati za jana, sawa.

Usiniambie matunda yatahamia rafu ya juu. Friji zisizoganda barafu zina feni ndani inayozungusha hewa ile ile juu mpaka chini, na hata zile za zamani zisizo na feni hewa yake haina pa kwenda. Droo si chumba, ni sanduku lenye mwanya. Usiniambie pia utayafungia kwenye kontena la plastiki. Utalifungua mara ngapi kwa siku, na watoto je? Na usinitetee baridi: baridi hupunguza kasi ya tunda kutoa gesi, haiikomeshi. Kitu kinachokusanyika polepole kwa miezi minne katika nafasi iliyofungwa kinatosha kabisa kuua stameni ya milimita chache.

Sheria ni moja: balbu zikiwa ndani, friji haina tunda. Si "tunda moja tu", si "mpaka kesho". Najua ni msimu wa maembe na najua utaonekana mwenda wazimu nyumbani. Weka kapu mezani, hali ya hewa yetu inaruhusu. Kama nyumba yako ina watu wengi wasiosikia, tafuta bachela wa jirani ambaye friji yake ina maji, soda na upweke. Huyo ndiye rafiki wa kweli wa tulipu.

Kuna chanzo cha pili cha ethilini ambacho wengi hawakijui: balbu yenyewe ikioza. Tulipu ikishikwa na ukungu wa fusariamu hutoa gesi hiyo kwa wingi, na moja inatosha kuharibu jirani zake wote. Zikague kila wiki mbili. Ishike mkononi: iliyo nyepesi kuliko inavyopaswa, laini ukiibonyeza, ina harufu kali ya uchachu na ukungu mweupe au wa waridi kitakoni, hiyo itupe siku hiyo hiyo, nje ya nyumba. Vumbi la kibuluu-kijani juu ya ganda ni ukungu mwingine, kwa kawaida wa juu juu tu. Lipanguse kwa kitambaa kikavu, balbu ikiwa ngumu endelea nayo.

Sasa huyu muuzaji. Ninachokasirikia si kutojua, kutojua si dhambi. Ni ile jeuri ya kunakili maneno ya watu wa Ulaya kwamba "weka kwenye droo ya friji", kisha akaongezea mwenyewe "ya matunda" kwa sababu picha ya tufaha imechorwa kwenye droo! Hawa ndio wale wale wanaouza tulipu za buluu, wakati tulipu ya buluu halisi haipo duniani. Ni zambarau imepitishwa kwenye programu ya picha. Wengine wanauza "mbegu za tulipu", punje 50 kwenye kifuko, bila kukuambia kwamba tulipu ya mbegu huchukua miaka 5 au zaidi kuona ua lake la kwanza, ikiwa hizo punje ni za tulipu kweli na si za figili. Siku nyingine ukitaka kununua, muulize kibali cha kuingiza mimea cha KEPHIS, wakaguzi wa mimea wa serikali ya Kenya, na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi mzigo ulikotoka. Kisha muulize mzunguko wa balbu ni sentimita ngapi. Tulipu nzuri ya kuchanulisha ndani ni 12 kwenda juu, unaipima kwa uzi kiunoni. Atakayekujibu "kubwa kubwa" mwache na kubwa zake.

Uongo wake wa pili ni hizo wiki 4. Tulipu inataka wiki 14 hadi 16 chini ya nyuzi 9 za sentigredi, na nyuzi 4 au 5 ndizo bora. Narsisi wiki 12 hadi 16. Hayasinti ndiyo nyepesi, wiki 10 hadi 14. Asili ya tulipu ni milima ya Asia ya Kati yenye kipupwe kirefu. Katika baridi hiyo wanga wa ndani ya balbu hugeuzwa kuwa sukari, na shina hupata uwezo wa kurefuka likija kupata joto. Ukizitoa wiki ya 4 utapata majani yaliyodumaa na ua, kama litatokea, litafunguka limebanwa chini karibu na udongo bila shina la kulinyanyua. Hapo ua halijafa, limekosa shingo. Tofautisha hali hizi mbili, maana watu huchanganya: ua fupi lililofunguka chini ni baridi haikutosha, ua lililokauka kama karatasi ni gesi.

Kuna watakaokuja hapa chini kukuambia usihangaike na friji, eti ungoje Julai, Nairobi kuna baridi. Baridi ipi? Usiku wa Julai hushuka hadi nyuzi 10 au 12, mchana unarudi 21 hivi. Hiyo ni baridi ya kuvaa sweta, haitoshi kulaza tulipu. Hata Limuru na Kinangop, ambako usiku hushuka zaidi, jua la saa sita linafuta kazi yote iliyofanywa alfajiri. Tunaishi digrii moja na kidogo kusini mwa ikweta, tukubali yaishe.

Kwa hiyo Krismasi sahau. Kama unataka ua la sikukuu mwaka mwingine, nunua amarilisi au ile narsisi nyeupe ya kishada yenye harufu kali. Hizo mbili hazidai baridi hata siku moja. Amarilisi huchanua wiki 6 hadi 8 hivi tangu uanze kuimwagilia, theluthi ya juu ya balbu ikiwa nje ya udongo. Zinaweza hata kukaa sebuleni, mbali na kapu la maembe.

Tulipu zako, zilizoingia friji Novemba, hesabu wiki 16 inakupeleka Machi. Hata kama una haraka, usizitoe Februari, maana Januari mpaka katikati ya Machi ndiyo miezi ya joto kwetu, na tulipu ikitoka nyuzi 4 ikakutana na chumba cha nyuzi 26 itakimbia kufunguka, ikukunjie petali ndani ya siku chache. Zivushe hadi wiki ya 17 au 18, mvua za masika zianze, mawingu yakae. Ukiziona zimeanza kutoa ncha ya kijani ndani ya friji usishtuke, ni kawaida ya wiki za mwisho.

Namna ya kuzilaza: tumia mfuko wa karatasi, si plastiki iliyofungwa, maana jasho la balbu likikosa pa kutokea unapata kuoza, na kuoza nimeshakuambia huleta nini. Pakiti tupu ya unga iliyokung'utwa vizuri inafaa sana, itoboe matundu machache. Isiguse ukuta wa nyuma ambako maji huganda, na isikae mlangoni ambako joto hupanda kila mtu akifuata maziwa. Namba za kile kitufe cha friji si nyuzi joto, 3 ya kitufe si nyuzi 3. Weka kipimajoto ndani ya glasi ya maji kwenye rafu hiyo usiku kucha, asubuhi usome. Inayotakiwa ni kati ya 3 na 5. Stima ikipotea usifungue mlango, friji iliyojaa hushika baridi kwa muda wa saa 4 hivi, na hata usiku mzima bila stima hauwezi kuziua.

Na andika juu ya pakiti kwa kalamu nene: SI VITUNGUU. Natania nusu tu. Balbu ya narsisi ikiwa haina ganda hufanana na kitunguu, ina sumu inayotapisha vibaya, na mpishi akiwa na haraka ya saa moja jioni hasomi jina la mmea. Hayasinti nayo huwasha ngozi, ishike kwa glavu.

Ikifika wiki ya 12 kuna ujanja wa kukufaa, hasa kwa kuwa sasa rafu zako ni tupu kwa sababu hakuna matunda, sivyo? Panda tulipu kwenye vyungu vifupi vyenye matundu chini, kisha virudishe ndani ya friji na udongo wenye unyevu kwa wiki zilizobaki. Mizizi ya tulipu hupenda kuota kwenye baridi, na mmea unaotoka friji ukiwa na mizizi tayari hautetereki ukikutana na joto la nyumba. Kabla ya kupanda, bandua lile ganda la kahawia pale kitakoni tu, taratibu, maana mara nyingi ni gumu na mizizi hujipinda ndani yake. Chungu cha kipenyo cha sentimita 15 hubeba tulipu 5 au 6, au hayasinti 3, zikikaribiana bila kubanana. Upande bapa wa tulipu uelekee ukingo wa chungu, kwa sababu jani la kwanza, ambalo ndilo kubwa, hutokea upande huo na litalala nje badala ya kuziba katikati. Ncha iwe sawa na uso wa udongo. Udongo mwekundu wa kwetu peke yake hugandamana, uchanganye na mchanga wa mto na nyuzi za nazi, maji yapite. Udongo ni hivyo tu.

Ukivitoa, usivipeleke kwenye jua moja kwa moja. Sakafu ya vigae, kona yenye kivuli, chumba chenye ubaridi kuliko vyote, siku 10 hivi hadi chipukizi zifike sentimita 5, ndipo uvisogeze kwenye mwanga. Kuanzia hapo ni kama wiki 3 au 4 hadi ua. Hayasinti ikionyesha rangi ikiwa bado imezama kati ya majani, ivalishe kofia ya gazeti yenye tundu juu kwa siku chache, giza litaivuta shina. Na wakati huo wote, chungu kisikae meza moja na bakuli la ndizi, kwa sababu ua linalojiandaa kufunguka nalo hudhuriwa na gesi hiyo hiyo.

Ukishakata ile balbu, weka picha hapa, kwa karibu, kwenye mwanga wa mchana, stameni zionekane. Na utaje siku uliyoziingiza friji, pamoja na kila kilichokuwa ndani humo wiki hiyo, hata pasheni mbili.